Fleti Yenye Miaka 80: Kuongeza Muda wa Mkataba Uingereza Kabla Bei Haijapanda

Watu wetu wengi walionunua fleti Uingereza, kuanzia East Ham na Barking hadi Leicester na Reading, wanajua kwa kichwa riba ya mkopo wao na siku ambayo benki hukata fedha, lakini ukiwauliza mkataba wao wa pango umebakiza miaka mingapi, wengi hukisia tu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu idadi hiyo ya miaka ndiyo inayoamua kama fleti itauzika, kama benki itaikubali, na kama watoto watarithi mali au watarithi mzigo. Ninaandika makala haya kwa ajili yao, na hasa kwa wale ambao mkataba wao unakaribia miaka 80, kwa maana hapo ndipo kuchelewa kwa siku chache kunaweza kugharimu maelfu ya pauni.

Katika sheria ya England na Wales, fleti karibu zote huuzwa kwa mkataba wa pango wa muda mrefu, ambao mara nyingi huwa wa miaka 99, 125 au 999. Unapolipa bei ya fleti, unanunua haki ya kuikalia kwa kipindi hicho. Jengo lenyewe na ardhi iliyo chini yake hubaki mikononi mwa mwenye ardhi, ambaye anaweza kuwa halmashauri, kampuni ya uwekezaji, au familia ya kikabaila kama Grosvenor na Cadogan, zinazomiliki mitaa mizima ya magharibi mwa London tangu zamani. Inakadiriwa kuwa nyumba takriban milioni 5 za England zinamilikiwa kwa utaratibu huu. Muda ukiisha, mali humrudia mwenye ardhi. Sheria humruhusu anayeishi humo aendelee kukaa kwa kulipa kodi ya soko, lakini kile alichokilipia maisha yake yote kinakuwa si chake tena.

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, habari ya hati yenye muda si ngeni. Ardhi yote nyumbani ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Nadhani mazoea hayo ndiyo yanayotulaza usingizi, kwa sababu tunadhani kuwa muda ukikaribia kwisha utakwenda ofisini, utajaza fomu, utalipa ada na kuhuishiwa hati. Hapa anayekungoja mwisho wa muda ni mtu au kampuni yenye haki ya kudai bei, na bei hiyo hupanda kadiri miaka yako inavyopungua. Hakuna anayelazimika kukukumbusha.

Haki ya kuongeza muda ilipatikana kwa mvutano. Wamiliki wa nyumba zisizo fleti walianza kupewa haki ya kununua ardhi yao kwa sheria ya mwaka 1967, na wadhamini wa mali za Duke wa Westminster, mkuu wa familia ya Grosvenor, waliipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ambako walishindwa mwaka 1986. Wenye fleti walisubiri hadi mwaka 1993, Bunge lilipopitisha sheria iliyowapa haki ya kudai miaka 90 juu ya ile iliyobaki, pamoja na kufutiwa pango la ardhi, yaani kodi ya kila mwaka anayolipwa mwenye ardhi. Mkataba mpya husema kwamba pango litakuwa punje moja ya pilipili manga, ikiwa itadaiwa, na maana yake ni kwamba hulipi chochote. Duke wa Westminster wa wakati huo alijitoa katika chama cha Conservative kwa kuipinga sheria hiyo. Ninaieleza historia hii kwa sababu haki iliyopiganiwa namna ile haifai kuachwa ikaozea kabatini kwa kuwa tu hatukusoma karatasi zetu.

Fleti tuliyonunua mimi na mume wangu mashariki mwa London mwaka 2016 ilikuwa na mkataba wa miaka 99 ulioanza tarehe 24 Juni 2003. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo, kwani ni mojawapo ya siku nne za mwaka ambazo Waingereza tangu kale wamekuwa wakilipia kodi za robo mwaka, na mikataba mingi huanzia siku hizo. Yeyote anayeweza kutoa na kujumlisha ataona kwamba tarehe 24 Juni 2022 mkataba wetu ungebakiza miaka 80 kamili, na baada ya hapo ungeshuka chini yake.

Uzito wa miaka 80 unatokana na namna bei inavyokokotolewa. Sheria inamlipa mwenye ardhi kwa vitu viwili wakati wote, yaani pango la ardhi analolipoteza, na kule kucheleweshewa kurudishiwa fleti yake kwa miaka 90 zaidi. Mkataba ukishuka chini ya miaka 80 huongezeka kitu cha tatu, ambacho Waingereza hukiita thamani ya ndoa. Fleti yenye mkataba mrefu huuzwa kwa bei kubwa kuliko yenye mkataba mfupi, na ongezeko la thamani linalopatikana kwa kuongeza muda hugawanywa nusu kwa nusu kati yako na mwenye ardhi.

Tuchukue mfano wa fleti ambayo, ikiwa na mkataba mrefu, ingeuzwa pauni 300,000, na pango lake la ardhi ni pauni 100 kwa mwaka bila kupanda. Thamani ya kurudishiwa fleti baadaye hushushwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, kiwango ambacho kimetumika kwa fleti tangu hukumu ya kesi ya Sportelli, iliyohusu namna ya kukokotoa bei hizi, na kwa pango tutumie asilimia 7. Mkataba ukiwa na miaka 82, bei ni kama pauni 6,900. Ukiwa na miaka 78, vitu viwili vya kwanza vinafika pauni 8,000 tu, lakini thamani ya ndoa, tukichukulia kwamba fleti ya muda huo huuzwa kwa asilimia 94 ya bei kamili, inaongeza karibu pauni 5,000, na jumla inakuwa 13,000. Ukiwa na miaka 60, na tukikadiria kuwa fleti imeshuka hadi asilimia 80 ya thamani yake, jumla inakaribia pauni 38,700, na zaidi ya nusu yake ni hiyo thamani ya ndoa. Wathamini wataalamu hubishana sana kuhusu asilimia hizo, na kesi nzito zimepiganwa kwa ajili yake, lakini mwelekeo haubishaniwi. Miaka minne kati ya 82 na 78 inakaribia kuongeza bei maradufu.

Mapema mwaka 2022 tuliletewa barua na kampuni inayosimamia jengo kwa niaba ya mwenye ardhi. Ilikuwa barua nzuri, iliyopigwa chapa kwenye karatasi nzito, ikitupa fursa ya kuongeza muda wa mkataba hadi miaka 125 kwa pauni 6,500, bila mthamini, na jibu lilitakiwa ndani ya siku 28. Jirani zetu wawili walikwisha kuandaa fedha. Sentensi muhimu ilikuwa katika ukurasa wa pili, katika jedwali dogo la masharti, kwamba pango la ardhi lingekuwa pauni 250 kwa mwaka na lingeongezeka maradufu kila baada ya miaka 25. Ukilifuata jedwali hilo, pango linakuwa 500, kisha 1,000, kisha 2,000, na katika miaka 25 ya mwisho ni pauni 4,000 kila mwaka. Tulikuwa tukilipa 150. Mabenki mengi hayapendi pango linalozidi asilimia 0.1 ya thamani ya nyumba, hivyo katika hatua ya pili tu mnunuzi angeanza kupata shida ya mkopo.

Haraka ya barua ile nayo ilikuwa na sababu yake. Sheria mpya ya pango la ardhi ilikuwa ianze kazi tarehe 30 Juni 2022, ikikataza pango la fedha katika mikataba mingi mipya ya fleti. Hata katika makubaliano ya hiari ya kuongeza muda, mwenye ardhi baada ya siku hiyo anaweza kubakisha pango la zamani kwa miaka ya mkataba wa zamani, lakini miaka inayoongezwa haiwezi kutozwa chochote. Kwa maneno mengine, masharti tuliyoletewa kama upendeleo yalikuwa yanakaribia kupigwa marufuku na Bunge. Sisemi kwamba kila makubaliano ya hiari ni mtego, maana nimeona mwenye ardhi mwungwana akimpa mpangaji wake, yaani mwenye fleti, masharti yaleyale ya sheria kwa gharama ndogo. Ninachosema ni kwamba usitie saini barua ya namna hiyo kabla hujaiweka kando ya kile ambacho sheria inakupa bila kuomba. Sisi sheria ilitupa miaka 170 na pango la sifuri, na barua ilitupa miaka 125 na pango linalokua.

Mume wangu alisita. Kwake yeye, kupeleka notisi ya kisheria ya kudai muda zaidi kwa mwenye ardhi kulifanana na kumshitaki mtu ambaye hajakukosea, na katika malezi yetu mambo ya nyumba na mipaka huanza kwa kukaa na kuzungumza. Nilimweleza kwamba notisi ndiyo mazungumzo yenyewe yanavyoanza hapa, na ina faida ambayo maneno ya mdomo hayana: siku inapopokelewa ndiyo siku ya uthamini. Bei hukokotolewa kwa miaka iliyobaki siku hiyo, hata kama mashauriano yatachukua mwaka mzima. Yeyote mwenye miaka 80 na miezi michache aishike nukta hii kwa mikono miwili, kwa kuwa mazungumzo ya hiari hayasimamishi saa, na mwenye ardhi anayejibu barua zako polepole na kwa adabu nyingi anaweza kukupitisha kwenye mpaka huo bila kuvunja sheria yoyote.

Mthamini alikuja asubuhi, mtu mtaratibu mwenye kipimo cha leza na daftari la karatasi. Alipima kila chumba, akafungua madirisha, akauliza kuhusu unyevu kwenye ukuta wa bafu, kisha akasimama jikoni kwa muda mrefu kuliko kwingine. Alitaka kujua makabati yaliwekwa na nani na mwaka gani, na ukuta uliokuwa kati ya jiko na sebule ulibomolewa kwa idhini ya nani. Nilidhani anakagua makosa yetu. Kumbe sheria haimruhusu mwenye ardhi kudai thamani ya maboresho ambayo mpangaji ameyafanya kwa fedha zake, hivyo kila risiti tuliyomwonyesha ilikuwa inashusha bei. Tunzeni risiti za mafundi, na barua za idhini pia.

Notisi yetu ilipelekwa mwezi Aprili ikitaja bei ya pauni 7,200. Bei unayotaja haina budi kuwa na msingi wa kweli, na mwenye ardhi anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei hiyo, au pauni 250 kama hiyo ndiyo kubwa zaidi. Naye sharti apewe angalau miezi miwili ya kutoa notisi ya majibu. Asipoitoa kwa wakati, mpangaji anaweza kwenda mahakamani na kupata mkataba kwa masharti aliyoyataja yeye mwenyewe, ndiyo maana wenye ardhi wakubwa hawachelewi. Wetu alijibu katika siku za mwisho, akikubali haki yetu na kudai pauni 14,200.

Baada ya hapo kuna tarehe inayowaangusha watu wengi waliokwisha kuvuka sehemu ngumu. Kama hamjakubaliana, una miezi sita tangu notisi ya majibu kupeleka maombi katika Baraza la Ngazi ya Kwanza, kitengo cha mali. Ukipitisha miezi hiyo, notisi yako huhesabiwa kuwa imeondolewa, gharama za upande wa pili zinakuangukia, na unasubiri miezi 12 kabla ya kuleta nyingine. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 80 na ushei hujikuta ana 79, pamoja na thamani ya ndoa. Mwulizeni wakili wenu tarehe hiyo, muiandike kwenye kalenda ya ukutani jikoni, na msiridhike na kuambiwa kwamba ofisi inaifuatilia. Sisi tulipeleka maombi kabla ya muda, na shauri halikusikilizwa hata siku moja, kwa sababu wathamini wa pande mbili walikubaliana kwa simu na barua pepe juu ya pauni 8,600.

Bei hiyo si yote. Katika utaratibu tuliopitia, mpangaji hulipa pia gharama za busara za wakili na mthamini wa mwenye ardhi, na ukijumlisha na za kwetu, zilikaribia nusu ya bei yenyewe. Nafuu ilitoka kwa majirani. Familia tatu za ngazi yetu zilitumia mthamini mmoja aliyetupunguzia bei kwa kuwa alikuja mara moja tu, na mmoja wetu alilipia sehemu yake kwa zamu yake ya mchezo, ule upatu ambao akina mama wa Kitanzania wanaoishi mtaani kwetu wameuendesha kwa miaka mingi. Kwa jengo ambalo angalau nusu ya fleti zinashiriki, kuna hata njia ya kununua jengo lote kutoka kwa mwenye ardhi, lakini hiyo inahitaji umoja ambao sisi hatukuwa nao.

Tangu hapo sheria imesogea. Sheria ya marekebisho iliyopata idhini ya Mfalme tarehe 24 Mei 2024 inaahidi miaka 990 badala ya 90, inafuta thamani ya ndoa, na kwa kawaida inamwachia mwenye ardhi abebe gharama zake mwenyewe. Kilichoanza mapema ni kufutwa kwa sharti la kumiliki fleti kwa miaka miwili kabla ya kudai, tangu tarehe 31 Januari 2025. Vifungu vya bei vinahitaji kanuni za serikali, zikiwemo za kuweka viwango vya kukokotolea, na hadi mwaka 2025 unamalizika vilikuwa havijaanza kazi. Wenye ardhi walikwenda Mahakama Kuu wakidai kuwa wananyang'anywa mali, kama walivyodai wenzao huko Strasbourg, na mnamo Oktoba 2025 mahakama ililikataa dai lao.

Basi swali linaloulizwa kila tunapokutana msibani au harusini ni kama mtu angoje au asingoje. Maoni yangu ni haya. Ambaye mkataba wake umebakiza miaka 80 na kitu asingoje, kwa sababu bei yake ya leo haina thamani ya ndoa, naye anacheza na mpaka kwa ahadi ya nafuu ambayo huenda kwake ikawa ndogo. Mwenye miaka 150 hana sababu ya kukosa usingizi. Aliye chini ya 80, ambaye hauzi wala habadilishi mkopo, ana sababu nzuri ya kusubiri, mradi atambue kwamba kila mwaka unaopita unaongeza ile sehemu ya bei isiyo thamani ya ndoa, na kwamba viwango vitakavyowekwa na serikali ndivyo vitakavyoamua nafuu yake halisi.

Mwenye hali ngumu zaidi ni mtu ambaye mkataba wake umebakiza miaka 60, na mtu huyo ninamfahamu. Ni mzee wetu kutoka Mombasa, aliyeendesha basi hapa London hadi alipostaafu, na fleti yake ina mkataba wa miaka 99 ulioanza mwaka 1986. Alitaka kuiuza arudi nyumbani, mnunuzi akapatikana, kisha benki ya mnunuzi ikakataa kwa sababu ya muda. Aliponiita nimsomee barua ya wakili, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, nyumba hii nimeilipa yote, mkopo wameufunga, sasa nadaiwa nini tena?" Sikuwa na jibu la kumpoza. Katika hesabu yake mwenyewe amemaliza deni, na hakuna aliyewahi kumwambia, si wakala aliyemuuzia wala benki iliyomkopesha kwa miaka 25, kwamba mali aliyokuwa akiilipia ilikuwa ikipungua kila robo ya mwaka. Hilo naliona ni dhuluma, hata kama kila karatasi iko sawa kisheria.

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Anaweza kumuuzia mtu mwenye fedha taslimu kwa bei ya chini sana, na matapeli wa barua za chini ya mlango wanalijua hilo. Anaweza kupeleka notisi sasa, akalipa bei yenye thamani ya ndoa kutokana na fedha za mauzo, akimkabidhi mnunuzi haki ya notisi hiyo siku ya kuuziana. Au anaweza kupangisha fleti, kama mkataba unamruhusu, akarudi Mombasa na kungoja vifungu vipya. Nilimshauri asichague kabla hajapewa bei mbili kwa maandishi, ya sheria ya leo na makadirio ya sheria ijayo, na mthamini amekubali kuziandaa zote mbili kwa malipo ya kazi moja. Wakati huohuo tumechukua nakala ya mkataba wake katika Ofisi ya Usajili wa Ardhi, na tumegundua kwamba jengo lilibadilisha mwenye ardhi bila yeye kujua, na kwamba kati yake na mwenye ardhi kuna kampuni nyingine yenye mkataba wa jengo zima. Notisi ikipelekwa kwa asiyestahili inaweza kuwa batili, hivyo wakili sasa anathibitisha ni nani kati ya hao wawili ndiye anayetambuliwa na sheria kuwa mpokeaji, na mzee ameahirisha safari yake hadi jibu hilo lipatikane.